Antena ya redio kwenye lori kubwa la kazi: pa kuifunga na namna ya kuifunga

Lori kubwa lina chuma kingi, liko juu, na nafasi haikosekani. Ni rahisi kudhani kwamba antena itafanya kazi popote itakapofungwa. Matokeo yake mafundi wengi huifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni, wakapitisha kebo kwenye raba ya mlango, wakajaribu redio uwanjani, wakaridhika. Malalamiko huja baadaye: dereva anasikika akiwa ameelekea upande mmoja tu, sauti inakatika injini ikiwaka, au redio inapunguza nguvu yenyewe.

Chanzo kwa kawaida ni kimoja. Fimbo inayoonekana ni nusu ya antena, na nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima upate mwenzake unaosambaa kwenye bati kuanzia pale kitako kilipofungwa. Bati likiwa pana na limeungana na kitako vizuri, nguvu inatoka sawasawa pande zote. Likiwa dogo, limekatika au halipo, mkondo hutafuta njia nyingine, mara nyingi juu ya ganda la kebo (nyuzi za shaba zinazozunguka kiini chake), na kebo nayo huanza kurusha mawimbi ndani ya kabini. Kabla ya kununua kitu chochote, basi, swali la kwanza ni lori hili lina bati gani, na liko wapi.

Ukubwa wa bati unategemea masafa. Urefu wa fimbo ya robo wimbi, yaani fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, hupatikana kwa kugawanya 71.5 kwa masafa yaliyo katika megahezi, na jibu huja kwa mita. Kwa megahezi 150 ni kama sentimita 48, kwa 450 ni sentimita 16, na kwa 27 ni zaidi ya mita mbili na nusu. Bati linatakiwa lienee angalau umbali huohuo kila upande kuanzia kwenye kitako. Kwa UHF (masafa kama hayo ya 450) hata paa dogo linatosha. Kwa VHF (kama 150) unahitaji eneo la karibu mita moja kwa mita moja. Kwa megahezi 27 hakuna lori lenye paa la kutosha, na hapo ndipo kabini, chasisi na bodi vinapolazimika kuunganishwa ili vifanye kazi kama chuma kimoja.

Paa lenyewe ni la nini?

Chukua sumaku ndogo ukapime. Ikinasa, paa ni la chuma cha kawaida, na kazi ni nyepesi. Isiponasa, gonga kwa kidole. Alumini hulia kama bati, na inafaa kabisa kuwa nusu ya pili ya antena, ila vitako vya sumaku havitashika. Fiberglasi hutoa sauti butu, na mbele ya mawimbi ya redio ni kama haipo. Malori mengi yenye kabini ya kulala yana paa la juu la fiberglasi, na mengine yana kikinga upepo cha fiberglasi kilichokaa juu ya paa la chuma. Hiyo ya pili hudanganya watu: antena imefungwa juu, bati liko sentimita 40 chini, na katikati hakuna kitu.

Kwa paa la fiberglasi kuna njia mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kubandika bamba la alumini au la shaba upande wa ndani, likibana moja kwa moja na kitako. Kwa UHF bamba la sentimita 35 kwa 35 linafaa. Kwa VHF linatakiwa lifike karibu mita moja, na kama dari ya ndani hairuhusu, tepe nne za shaba zenye urefu wa sentimita 48 zinazotoka kwenye kitako kwa mfano wa msalaba zitafanya kazi karibu sawa. Ya pili ni kutumia antena ya nusu wimbi, ambayo ina koili ya kulinganisha kwenye kitako na haihitaji bati chini yake. Kwa megahezi 150 hiyo ina urefu wa karibu mita moja. Ndiyo inayofaa pia kwenye mkono wa kioo, ikiwa hakuna budi. Antena ya robo wimbi kwenye mkono wa kioo ni kosa linaloonekana kila siku, na hakuna marekebisho ya urefu wa fimbo yatakayolitibu.

Mahali

Katikati ya paa la kabini ndipo panaposhinda kwingine kote. Antena iliyosogezwa pembeni hupeleka nguvu zaidi kuelekea upande wenye bati refu: ukiiweka kona ya nyuma kushoto, itapendelea mbele kulia. Kwa lori linalozunguka eneo moja la kazi hilo linaweza kuvumilika. Kwa lori la barabara ndefu linakera.

Baada ya bati, tazama vitu vinavyosimama karibu. Kontena au bodi ya boksi iliyo juu kuliko kabini ni ukuta wa chuma nyuma ya antena, na mawasiliano ya nyuma yatadhoofika. Ukiweza, sogeza antena mbele ili ipate nafasi, au chagua kitako kitakachofanya sehemu kubwa ya fimbo ipite juu ya ukuta huo. Kwenye tipa, kumbuka kikinga kabini kinachotokeza mbele ya bodi. Bodi inapopanda na kushuka, kikinga hicho hupita juu ya paa, na fimbo iliyowekwa nyuma mno itavunjwa siku ya kwanza. Kwenye kreni, mkono ukiwa umelala juu ya kabini hufunika sehemu kubwa ya paa, kwa hiyo pima ukiwa katika hali ya safari.

Taa za kimulimuli zinastahili neno lao. Kwanza ni kizuizi: acha angalau nusu mita kati ya taa na antena ya VHF, na isipungue sentimita 30 kwa UHF. Pili, taa za LED zina saketi ndani yake zinazowaka na kuzima kwa kasi kubwa, na zile za bei rahisi humwaga kelele moja kwa moja kwenye masafa ya VHF. Tutarudi kwenye hilo. Antena ya GPS nayo ipewe nusu mita. Kama kuna redio mbili, antena zao zitenganishwe angalau mita moja, la sivyo moja ikirusha nyingine itaziba masikio.

Kabini za kuinama mbele zina mtego wake. Paa linapoinama, fimbo iliyosimama huelekea mbele na chini, na inaweza kugusa ukuta wa karakana au ardhi. Inamisha kabini kabla ya kutoboa tundu, ushike fimbo kwa mkono mahali unapokusudia kuifunga, uone itafika wapi.

Urefu wa jumla upimwe kutoka ardhini hadi ncha ya fimbo, lori likiwa tupu, maana spring hupanda mzigo ukishuka. Kikomo cha kisheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na alama za madaraja hazihesabu antena yako. Fimbo nyembamba inayopinda yenye spring kwenye kitako itasamehe matawi. Fimbo nene haitasamehe, na itang'oa kitako pamoja na kipande cha paa. Hapo ndipo antena ya VHF ya sehemu tano kwa nane za wimbi, yenye urefu wa karibu mita moja na robo, inapopoteza mvuto wake. Kwenye karatasi inaizidi ya robo wimbi kwa takriban desibeli 3 (kama mara mbili ya nguvu) kuelekea upeo wa macho. Kwenye milima na mabonde, nguvu inayopanda juu kidogo ndiyo inayofika kwenye kilele chenye kituo cha kurudufu (kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena), na fimbo fupi ya robo wimbi mara nyingi inalingana nayo au kuishinda. Kwa lori linaloshinda kwenye machimbo, robo wimbi ndiyo chaguo la busara.

Kutoboa

Kitako cha sumaku kinafaa kwa majaribio na kwa gari la kukodi. Kwa kazi ya kudumu kina kasoro: hukwaruza rangi, matawi hukiburuta, kebo hubanwa na mlango, na kinashika bati kupitia rangi bila kugusana nalo. Mabano ya kubana ukingo wa mlango au mfereji wa maji ni afadhali kidogo. Tundu moja safi lenye kitako cha NMO (aina ya kitako cha antena za magari kinachokazwa ndani ya tundu la paa) hudumu kuliko vyote, na kinyume na hofu ya wenye malori, likifanywa vizuri halivuji. Tundu la kawaida la NMO ni milimita 19.

Anza ndani. Teremsha kitambaa cha dari, utafute mbavu za paa, nyaya za taa, mifereji ya kiyoyozi na mifuko ya hewa ya usalama. Mbavu isiwe chini ya tundu, wala ndani ya sentimita 3 kutoka ukingo wake. Juu, bandika utepe wa karatasi, weka alama, piga panchi, kisha tumia kikata tundu chenye kizuizi cha kina, ili kisizame hadi kwenye nyaya. Mwendo wa polepole, mkono mwepesi. Tandika kitambaa chenye unyevu chini kukusanya chembe za chuma. Zikiachwa juu ya rangi hushika kutu kwa usiku mmoja na kuacha madoa ya kahawia.

Lainisha ukingo kwa tupa, halafu fanya jambo ambalo wengi hulipita: upande wa chini wa bati, pale ukingo wa kitako utakapokaa, kwangua rangi hadi chuma king'ae. Pete ya upana wa milimita 5 inatosha. Ndipo ganda la kebo linapokutana na paa, na ndipo nusu ya pili ya antena inapoanza. Ukiacha rangi, antena inaning'inia hewani ingawa kwa macho kila kitu kiko sawa. Upande wa juu fanya kinyume: acha rangi ilivyo, paka praima kwenye ukingo uliokatwa, hakikisha raba ya mviringo imekaa katika mfereji wake, ukaze nati kwa spana yake hadi igome, bila kuikaza kupita kiasi. Ukiongeza silikoni, iwe ile isiyonuka siki. Ile ya siki hula shaba na chuma. Chini, kitako kikishakazwa, pakaa grisi ya kinga kuzunguka pete uliyokwangua. Kwenye paa la alumini grisi hiyo ni ya lazima, kwa sababu shaba na alumini zikikutana na maji ya mvua alumini huliwa.

Kebo

Kebo ya koaksia ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa mita kwenye megahezi 150, na karibu 0.36 kwenye 450. Kwa mita 5 hiyo ni moja ya tano ya nguvu kwenye VHF, na theluthi moja kwenye UHF, kurusha na kupokea vilevile. Kwenye lori, ambalo redio wakati mwingine huwekwa mbali nyuma ya kiti, hesabu hiyo ina maana. Kwa UHF inayozidi mita 4, tumia kebo ya hasara ndogo kama LMR-240, ambayo hukata hasara hiyo karibu nusu.

Kata kebo kwa urefu unaohitajika, pamoja na nafasi kidogo ya kufanyia kazi. Kuizungusha ziada nyuma ya dashibodi ni kulipia hasara bila faida. Kuna imani ya zamani kwamba urefu fulani wa kebo "huleta" kipimo kizuri. Antena iliyolingana haijali urefu wa kebo, na kama inajali, tatizo liko kwenye bati la chini. Usikunje kebo kwa mviringo wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 5. Isipite ukingo wa chuma bila raba, wala isifungwe sambamba na nyaya nene za alteneta au kitita cha kompyuta ya injini. Kwenye bawaba ya kabini inayoinama, fuata njia ya nyaya za kiwandani, uache kitanzi kinachoweza kunyooka.

Konekta ndizo zinazoua kazi nzuri. Uzi mmoja wa ganda ukigusa kiini cha kati, redio inarusha kwenye shoti. Pima kwa multimita kabla ya kufunga fimbo: kati ya kiini na ganda pasiwe na njia, na kati ya ganda na paa iwe karibu sufuri. Ukishafunga fimbo, angalia maelezo ya antena yako. Ya robo wimbi itaendelea kuonyesha njia haipo, lakini nyingi zenye koili chini huonyesha shoti kwa multimita, na ndivyo zilivyotengenezwa. Konekta nzuri nyingi zimekatwa bure kwa sababu ya hilo.

Umeme wa volti 24

Malori mengi mazito yana betri mbili zilizofuatana, volti 24, na redio nyingi zinataka 13.8. Njia ya mkato ni kuchukua volti 12 kwenye betri moja. Redio itawaka vizuri, na betri zitaanza kufa taratibu: ile inayotumika haijai kamwe, mwenzake inachajiwa kupita kiasi kwa sababu alteneta inaona jumla tu. Weka kibadilishaji cha kushusha volti kutoka 24. Redio ya wati 50 huvuta kama ampea 10 hadi 13 inaporusha, kwa hiyo kibadilishaji kiwe na uwezo wa kudumu wa ampea 20. Namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya sekunde chache. Fyuzi ya upande wa 24 ikae karibu na betri, kwenye waya wa chanya. Kibadilishaji kiwe mbali na kebo ya antena, maana nacho ni mzalishaji wa kelele.

Kabini hukaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Mkanda wa shaba ya kusuka, mpana milimita 20 au zaidi na mfupi iwezekanavyo, kati ya kabini na chasisi hupunguza kelele, na kwa megahezi 27 ni jambo la lazima. Kwa VHF na UHF antena ikiwa katikati ya paa la chuma, mkanda huo hauongezi umbali.

Kupima, na jinsi kipimo kinavyodanganya

Kwa mita ya SWR unalinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na inayorudi kwenye redio. Kwenye 1.5 inarudi asilimia 4, kwenye 2 inarudi 11, kwenye 3 inarudi 25, na redio nyingi hapo huwa zimeshajipunguzia nguvu. Mita iwe ya masafa yako: ile ya megahezi 27 haisemi ukweli kwenye 450. Pimia nje, mbali na kuta, milango imefungwa, watu wamesogea, kabini imelala mahali pake.

Pima kwenye chaneli ya chini, ya kati na ya juu ya zile ulizopewa leseni, ukitumia masafa ya kurushia, kwa sababu kwenye kituo cha kurudufu kurusha na kupokea hutofautiana. Kipimo kikiwa kizuri chini na kibaya juu, fimbo ni ndefu. Kata milimita 3 kwa VHF, ambazo hupandisha masafa ya antena kwa takriban megahezi 1, au milimita 1 kwa UHF, ambayo huyapandisha kwa karibu 3. Kikiwa kizuri juu na kibaya chini, fimbo ni fupi, na kukata zaidi ni kuiharibu. Kikiwa kibaya kotekote, weka koleo chini ukarudi kwenye pete ya bati uliyokwangua na kwenye konekta.

Kipimo kizuri peke yake hakithibitishi kitu. Kebo iliyoingia maji hunyonya nguvu inayokwenda na inayorudi, na mita itafurahi. Kebo yenye hasara ya desibeli 3 isiyo na antena kabisa mwishoni itaonyesha kama 3 badala ya kugonga mwisho wa mita. Kwa hiyo malizia barabarani: simama mahali ambapo kituo kinasikika kwa shida, zungusha lori robo duara kwa zamu nne, mtu wa upande wa pili akieleza tofauti. Kisha fanya jaribio la kelele ukiwa papo hapo kwenye mawimbi dhaifu. Zima injini, sikiliza. Washa injini, halafu kimulimuli, taa za kazi, feni, wipa, kimoja kimoja. Kinachofunika sauti ndicho mkosaji. Kwa taa za LED, vishikio vya feraiti (vipande vinavyobanwa kwenye waya kuzuia kelele) kwenye nyaya zake karibu na taa husaidia wakati mwingine. Zikiwa za hovyo, badilisha taa.

Matumizi ya kila siku

Mtu asisimame juu ya paa au kugusa fimbo redio inaporusha. Kwenye machimbo yenye fataki za umeme (viwashio vya baruti ambavyo mawimbi ya redio yanaweza kuvilipua), redio inazimwa kabisa kwenye umbali alioweka msimamizi wa ulipuaji, na "nilikuwa nasikiliza tu" haikubaliki, kwa sababu kidole hukosea kitufe. Lori la mafuta lina kanuni zake za nyaya na swichi kuu, na kazi hiyo apewe aliyeidhinishwa.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye lori, chomoa kebo ya antena na umeme wa redio, vyote viwili. Mkondo wa mashine hutafuta njia ya kurudi, na ganda la kebo ni njia nzuri. Anayeosha lori kwa maji ya shinikizo asielekeze mdomo wa mpira kwenye kitako. Kila unapobadilisha oili, fungua fimbo, tazama kama kuna ukijani wa shaba ndani ya kitako, kausha, kagua raba, kaza tena. Raba iliyopasuka ibadilishwe siku hiyohiyo, maana maji yakishaingia kwenye kebo hayatoki, na kebo nzima itabidi ivutwe upya.